Mwili wa Skochi

Mdogo wangu hakujua kusimama. Hilo ndilo hunijia kabla ya sura yake, na linaniudhi, maana ningependa kumkumbuka kwa jambo la heshima zaidi. Lakini mimi ni fundi viatu, na kwa miaka minne mtu niliyempima kila wiki alikuwa yeye: mrefu, mwembamba, mabega mapana yasiyolingana na kiuno, na asiyetulia hata dakika moja. Nikimwekea bamba kifuani, anainama kuokota karanga. Nikimchora mstari begani, anageuka kumsalimu mtu aliyepita na pikipiki. Nilimfokea mpaka majirani wa kibanda changu wakayakariri maneno yangu: simama vizuri, nimesema simama vizuri.

Tulikuwa tunatengeneza mavazi ya vita ya watu wa miaka ambayo haijafika. Sijui niyaeleze vipi kwa asiyeyaona. Ni magamba ya kufunika mwili wote, kuanzia kofia inayoziba uso, yenye taa mahali pa macho, mpaka viatu vyenye nyayo nene, kama ya askari wa zile sinema za vyombo vya angani. Tuliona kwenye simu watu wa nchi za mbali wakijitengenezea wenyewe sebuleni mwao, tukaambiana kwamba mikono hata sisi tunayo. Wala hatukuwa watoto. Mimi nilishavuka arobaini, yeye alinifuata kwa miaka mitatu, na alikuwa na mvi chache alizozing'oa mbele ya kioo changu akidhani simwoni. Mtaani walituona tumepungukiwa, na sikuwalaumu.

Vazi la kwanza lilikuwa la bidoni, yaani madumu ya plastiki. Tulikata bidoni za njano za maji, tukazilainisha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kisha nikazikunja juu ya goti langu lililofungwa gunia bichi. Makovu bado ninayo. Vazi lilikuwa zito, lilinuka moshi, na alipotembea nalo alisikika kama ndoo zinazobiringika. Ndipo nikapata akili ya kutumia kitu nilichokishika kila siku, yaani mpira mwepesi wa soli za kandambili, unaouzwa kwa vipande vikubwa kama mikeka. Unaukata kwa kisu cha kazi, unaupasha moto, nao unakubali umbo unalotaka. Gundi ni ileile ya viatu: unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka isishike kidole, unabandika mara moja, na ukikosea umekosea. Mistari ya kung'aa tuliibandua kwenye ovaroli zilizochakaa za watu wa migodini. Ndani ya kofia niliweka feni ndogo ya kompyuta kuukuu, iliyoendeshwa na betri ya pikipiki, kwa sababu bila hiyo alikuwa anazimia kwa joto.

Tulilipaka rangi nyeupe. Weupe huo ulidumu muda wa kutoka kibandani kwangu mpaka kwenye mzunguko wa barabara, kwa sababu malori ya shaba hupita hapo kutwa kucha na vumbi lake halichagui. Akarudi amekuwa rangi ya matofali. Mimi nilikasirika, yeye akasema hiyo ndiyo rangi sahihi, maana askari wa Kolwezi atakayezaliwa miaka elfu ijayo naye atapita barabara hiyohiyo. Kila Jumapili, siku ya yenga kwa maneno yetu, baada ya misa alilivaa na kutembea polepole mtaa mzima. Watu walitoka majumbani. Akina mama waliokuwa wanauza mihogo walimtania kwamba akioa avue kwanza. Nilimfuata kwa nyuma na chupa ya gundi mfukoni, nikiangalia kama kuna kiungo kinachoachia, na nakiri kwamba nilijiona mtu.

Siku nyingine zote, na hata Jumapili akishavua vazi, alikuwa chini ya ardhi. Alikuwa mchimbaji wa mkono kama maelfu ya wenzake, anashuka shimoni kwa kamba na vishikio vya miguu vilivyochongwa ukutani, anatambaa kwenye tundu kufuata mwamba mweusi wa kobalti. Alikohoa asubuhi mpaka machozi yakamtoka. Nilimuuliza siku moja ni nini hasa anachokipenda katika vazi lile, akaniambia kwamba ni mahali pekee ambapo anavaa kofia na taa halafu anatembea juu. Nilicheka. Nilidhani anatania kama kawaida yake.

Mama yetu anakaa Kasulo, katika mtaa ule ambao watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe. Majirani wa kushoto walitoboa sebule, wa kulia walitoboa jikoni, na ukuta wa mama ukapasuka kuanzia dirishani mpaka chini. Wakamfuata mara nyingi kumwomba naye achimbe, na hata sisi wanawe tulimfuata, akatukatalia wote. Alisema nyumba yake haitakuwa na shimo hata la kupanda maharage. Mtu wa namna hiyo kuzaa mchimbaji ilikuwa adhabu, naye hakuificha.

Ila mavazi yetu aliyavumilia, kwa sababu moja tu. Jumamosi, ambayo sisi tunaiita siku ya posho tangu enzi za wazee waliopokea unga wa kampuni siku hiyo, ndiyo ilikuwa siku ya kupima. Mdogo wangu alikuja kibandani asubuhi na kuondoka jioni. Wenzake wa shimoni walijua, hawakumngoja. Kwa mama hiyo ilikuwa siku moja kwa wiki ambayo angeweza kusonga ugali bila kusikiliza kama kuna mtu anakuja mbio. Alinitumia viazi vitamu, alinitumia makaa, na aliniagiza kwa wote waliopita njia kwamba nisimwachie mapema. Nililijua hilo vizuri. Nataka lieleweke kwamba nililijua.

Wazo la mwili wa skochi nalo nililitoa kwenye simu. Nilikuwa nimechoka kupimia mtu anayecheza. Tulikuwa na mkutano mbele yetu: watu wa Lubumbashi wanaofanya mchezo huu huu walikuwa wametualika tuje tuonyeshe vazi ukumbini kwao, na nilitaka vazi jipya, si lile la viraka. Basi nikamsimamisha katikati ya kibanda amevaa fulana nyembamba na suruali kuukuu ya mchezo, nikamzungushia skochi, ile tepu pana ya kunata ya kufungia maboksi, safu tatu, kuanzia shingoni mpaka vifundo vya miguu, na mikono yote. Ilichukua mchana mzima. Alilalamika kwamba anajisikia kama samaki wa kukaushwa. Alitaka maji, alitaka karanga, alitaka kwenda haja, na nilimlisha karanga mwenyewe, moja moja, kama kifaranga.

Kisha nikampasua mgongoni kwa mkasi, kuanzia shingo mpaka chini, pamoja na fulana. Mikononi skochi ilikuwa imekamata ngozi tupu, na nilipoivuta iliondoka na malaika yake yote, vile vinyweleo vya mwilini. Alipiga kelele mpaka mama muuza mafuta wa jirani akaja na mwiko. Alitoka mle akiwa na mikono laini kama ya mtoto, akanitukana, tukacheka mpaka tukakaa chini. Nikaziba mpasuko, nikajaza ndani matambara na karatasi za mifuko ya saruji, nikamsimamisha yule mwingine kwenye mti niliouchomeka kwenye tairi bovu. Hakuwa na kichwa wala viganja, lakini mabega yalikuwa yale, na kiuno kile, hata mgongo ule uliopinda kidogo upande wa kulia kwa kubeba magunia.

Kesho yake mama alikuja na viazi. Mimi nilikuwa nje namhudumia mteja. Nikamsikia ndani anauliza kwa ukali, kwa nini hujibu, umekula au hujala. Nilipoingia alikuwa amesimama nyuma ya yule wa skochi, mkono umeinuliwa tayari kumgusa bega. Kwamba hana kichwa hakuona, kwa sababu ya giza la kibanda na koti nililolitundika juu yake. Alipogundua, alikaa kwenye stuli yangu. Halafu akasema kitu hicho hakimpendezi, nikifunike. Sikukifunika.

Wiki iliyofuata, siku ya posho, mdogo wangu alifika kama kawaida. Ilikuwa kipindi cha mvua na alikuwa amelowa. Mimi nilikuwa nimeamka na kazi kichwani, bamba la kifua liko tayari, la tumbo liko tayari, mabega bado, na nilikuwa nimekwisha kuonja raha ya kufanya kazi na mtu asiyesema. Akakaa, akaanza hadithi ndefu ya mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa huko Fungurume. Akachukua bega la kushoto mezani, gundi haijakauka, akaacha alama ya dole gumba. Nilipandwa na hasira. Nikamwonyesha yule wa skochi nikamwambia:

"Enda. Ule anasimama muzuri kukupita weye."

Akaniita yaya, kama anavyoitwa kaka mkubwa kwetu, akauliza kama kweli sina haja naye leo. Nikamwambia leo na siku zote za posho mpaka tuende Lubumbashi, mwenzake amechukua kazi. Alisimama mlangoni kidogo akiangalia mvua. Halafu akampigia yule mwingine saluti, akanicheka mimi, akatoka. Sikumtazama akienda, nilikuwa nafuta alama ya dole lake.

Shimo liliporomoka alasiri ileile. Walikuwa wanne ndani. Watatu walikuwa karibu na mdomo, wakavutwa kwa kamba wakiwa hai, mmoja amevunjika mguu. Yeye alikuwa mbele kabisa kwenye tundu. Mwenye timu, ambaye wachimbaji humwita PDG kama mkurugenzi wa kampuni kubwa ingawa analala kwenye turubai, alijitahidi siku mbili. Walichimba kwa zamu, nami nilichimba, na mikono yangu iliyozoea kisu na gundi ilichubuka yote. Siku ya tatu maji yalipanda mpaka mdomoni mwa shimo. Kuta za mashimo ya jirani zikaanza kulia. PDG akasema hatatoa watu wengine, na alikuwa na haki, nami nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki. Wakafukia.

Kilio kilikaa nyumbani kwa mama. Turubai likafungwa uani, wanawake wakakaa kwenye mikeka, vyungu vikapangwa. PDG alileta unga na sukari akakaa kwenye kiti cha plastiki. Lakini kilio bila mwili hakina mwisho. Kwetu mama wa marehemu haondoki mkekani mpaka mtoto wake aingie ardhini, haogi ipasavyo, hapiki. Na mtoto wake alikwisha kuwa ardhini, hakuna aliyeingia zaidi yake, lakini hakuna aliyemweka huko kwa mikono.

Mjomba wetu alifika kutoka Lubudi, ametanguliza begi la mahindi. Huyo ndiye mwenye sauti katika mambo haya, kaka mkubwa wa mama, mtu wa maneno machache anayejua desturi zote za upande wa kaskazini walikozaliwa. Akatuita wanaume pembeni, akaeleza kwamba mtu akipotea mtoni akaliwa na maji, huzikwa shina la mgomba lililovishwa nguo zake, na kilio kinafungwa. Tukakubali. Tulikuwa tumechoka, nasema ukweli. Kijana mmoja akatumwa kukata mgomba.

Mama alipoliona lile shina likiingizwa uani, linadondosha maji yake, alisema bila kupaza sauti:

"Mi sikuzalaka mugomba. Nilizalaka muntu."

Mgomba ukatolewa nje. Siku zikapita, ya tano, ya sita, ya saba. Wageni walipungua. Mama alikunywa uji kidogo na alianza kuonekana mifupa ya shavu. Mjomba aliniambia wazi kwamba tukimwacha hivyo tutazika wawili. Usiku sikulala. Kila mtu aliyekuja kunipa pole alinishika mkono, nami nilifikiri: angejua huyu, angeuacha. Kwa sababu hakuna aliyeniuliza swali moja rahisi, lile nililolingoja tangu siku ya kwanza: siku ya posho, mdogo wako alikuwa anafanya nini shimoni?

Siku ya nane mama aliinuka mwenyewe. Hakumwambia mtu. Alivaa kandambili, akatembea kutoka Kasulo mpaka kibandani kwangu, na mimi niliyekuwa nimejificha humo nikijidai natafuta viatu vya marehemu, nikaona kivuli chake mlangoni. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwa yule wa skochi. Alimshika mabega. Alimshika kiuno. Akapitisha mkono mgongoni mpaka pale palipopinda upande wa kulia, akauacha hapo.

Kisha akaniuliza ndani mna nini. Nikamwambia matambara. Akauliza na fulana je, maana aliona ukosi wa fulana ya buluu umejitokeza shingoni. Nikamweleza kwamba ni yake, alikuwa ameivaa tulipomfunga, imebaki ndani imeshikamana. Nikamweleza na malaika ya mikono. Nilieleza kama mtu anayeungama dhambi ndogo ili asiulizwe kubwa.

Mjomba alipoitwa alizunguka lile umbo mara mbili bila kuligusa. Akaachia kidogo skochi mwishoni mwa mkono mmoja, akaingiza kidole, akaangalia zile nywele fupi nyeusi zilizokamatwa kwenye gundi. Alivua kofia. Akasema kwamba zamani mtu akifia mbali, waliokuwa naye walikata nywele na kucha wakazifunga kitambaani, zikapelekwa nyumbani na kuzikwa, na kaburi hilo lilikuwa kaburi. Hapa nywele zipo. Jasho lipo. Kipimo kipo.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye mwenyewe. "Tumuzike."

Seremala wa majeneza alikuja na futi yake akampima amelala, urefu na upana wa mabega, akaandika kwenye kipande cha ubao kama anavyowapimia wote. Mama ndiye aliyelikataa jambo moja: wepesi. Alijaribu kumwinua peke yake akaweza, akamrudisha chini kwa hasira. Alisema watu hawatabeba mtoto wake kama mfuko wa pamba. Akanitazama mimi, si mjomba, si seremala, akaniamuru nimjaze udongo wa kule kule, na nimjaze mimi mwenyewe, asinisaidie mtu.

Nikaenda machimboni na toroli na magunia. PDG aliniruhusu kuchota kwenye rundo lililotolewa shimoni mwao. Wachimbaji wawili kati ya waliotoka hai siku ile walikuja kunishikia midomo ya magunia, hilo sikulikataa. Udongo ulikuwa mzito, mwekundu wenye madoa ya kijani. Mmoja wao aliona bonge jeusi, akaliokota, akalipima kiganjani na kulisogeza karibu na jicho, kama wanavyofanya kila siku kujua kama lina mali. Nilitaka kumpiga. Kisha aligundua anachofanya, akaliweka ndani ya gunia taratibu, akajifuta mkono kwenye suruali kwa muda mrefu.

Kibandani nilimlaza kifudifudi mezani, nikafungua mpasuko wa mgongo. Nikatoa matambara. Nikatoa karatasi za saruji. Mikono ikaingia mpaka kwenye ile fulana na harufu ikanipanda: jasho lake, na ile sabuni ya bei rahisi, na karanga. Hapo nililia. Nilijaza miguu kwanza, nikishindilia kwa mpini wa nyundo ili isilegee, halafu tumbo, halafu kifua. Skochi ilishikilia. Nilikuwa nimeifunga vizuri, safu tatu, kazi ya mtu mwenye majivuno. Mama alikaa kwenye stuli mlangoni kutwa nzima. Kila baada ya muda aliingia, akaingiza mikono chini ya mabega, akainua kidogo, akasema bado. Nikaongeza. Sijui mama anajuaje uzito wa mwanaume wa miaka arobaini kasoro ambaye hajambeba tangu alipokuwa mtoto, lakini alijua, na ulipofika aliitikia kwa kichwa nikaacha.

Nikaziba mgongo kwa gundi ya viatu, kisha nikashona juu yake kwa uzi wa nta, mishono mifupi, ile ninayoweka kwenye viatu vya maharusi. Viganja tulitengeneza kwa glovu. Miguuni nikamvika viatu vyake vizuri ambavyo nilikuwa nimevitia soli mpya mwezi ule. Kwa kichwa, mimi, kwa ujinga wangu, nilitaka kutumia ile bidoni ndogo niliyojaribia kofia. Mama aliitupa nje. Alivua kitenge chake cha sikukuu, akakikunja na kukikaza mpaka kikawa duara, akakiweka juu ya shingo na kukifunga kwa skafu nyeupe. Akamvalisha suti. Ilimkaa sawasawa.

Katekista alipofika na kuona ndani ya jeneza, alisita. Alimwita mjomba kando, akasema kwa upole kwamba anaogopa, watu watasema kanisa limezika sanamu. Mama alimsikia.

"Tata," akamwambia, "weye unapikaka magoti mbele ya sanamu kila siku ya yenga. Huyu eko na nywele."

Katekista akafungua kitabu. Alisali sala zote, hakuruka hata moja. Wanaume sita walibeba jeneza na walibadilishana njiani kwa sababu ya uzito. Niliona mama anaangalia mabega yao yanavyoshuka. Hilo lilikuwa shimo la kwanza maishani mwake alilolisimamia mwenyewe mpaka likafunikwa. Jioni ile alioga, akakunja mkeka, akapika.

Lubumbashi sikwenda. Waliokuwa wametualika walinitumia ujumbe wa pole na picha ya ukumbi wao, wamevaa magamba yao wote, wameinamisha vichwa. Wema ule ulinikera, kwa nini hata sijui. Vazi jipya lilibaki limetundikwa kibandani: kifua, tumbo, miguu, kofia, bega la kulia. La kushoto lilikuwa mezani bado. Lilihitaji kupimwa juu ya mtu ili kulikunja mahali pa mwisho, na wale wa kulipimia nilikuwa nimewapoteza wote wawili. Wateja waliuliza kama nitaliuza. Niliwajibu vibaya.

Mwezi ulipita. Siku moja ya posho, asubuhi, mama alikuja na viazi vitamu kwenye sahani iliyofunikwa, kama zamani. Akakaa. Akaangalia vazi, akaangalia lile tairi na mti wake uliosimama mtupu. Nilijua lile swali limefika. Nikashika kiatu cha mteja nikajifanya natafuta msumari.

"Ile asubui alipita kwangu," akasema. "Alikuwa anacheka. Alisema: yaya amenifukuza, amepata mwenye kusimama muzuri kunipita. Mi njo nilimupa viazi vya kubeba."

Kiatu kilinitoka mkononi. Nilitaka kusema jambo, sijui lipi, pengine nililokuwa nimelipanga kwa wiki zote zile, kwamba sikujua atakwenda shimoni, na huo ungekuwa uongo, maana nilijua hana kwingine pa kwenda. Mama hakuningojea. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Alijua nilipokuwa nachimba, alijua kila mtu aliponipa pole, alijua alipokaa mlangoni akinihesabia udongo na kusema bado. Hakumwambia mjomba, hakumwambia mtu. Na yeye mwenyewe alimfungia viazi, akamwacha aende.

Akainuka akalichukua lile bega la kushoto mezani. Aliligeuza huku na huku mpaka akaiona ile alama ya dole gumba, ambayo sikuifuta yote. Akaweka dole lake juu yake. Akaniuliza linakaa wapi. Nikamwambia ni la mtu mrefu, mimi halinifai. Hakujali. Akanivuta katikati ya kibanda, pale pale, akanibandika lile bamba begani na kulikandamiza kwa viganja vyote viwili, na mimi nikaanza kuinama kukiokota kile kiatu.

"Simama muzuri," akaniambia.